Nitumie picha ya theluji, si picha yako: kisa cha mpwa wangu na pista ya buluu

Mpwa wangu alirudi Malindi mwezi wa tano kutoka Italia, anakofanya kazi jikoni milimani wakati wa baridi, kule msimu wa theluji umefungwa na huku kusi imeshaanza kuchafua bahari. Alikuja na video sita kwenye simu na swali moja lililokuwa likimsumbua tangu Machi. Majira matatu ya baridi ameteleza kwa skii karibu kila alipopata nafasi. Alianza na pista, yaani njia ya kutelezea, ya buluu iliyo rahisi, akahamia nyekundu, na sasa hata nyeusi iliyo ngumu zaidi anaishuka mpaka chini bila kuanguka. Lakini akishuka pamoja na wenzake wa jikoni, wao hupita kimya, wamelala upande huu kisha upande ule kama mwewe anayezunguka. Yeye hushuka kwa kishindo, theluji inaruka pembeni, na akifika chini mapaja yanawaka moto.

"Mjomba," aliniambia, "mimi nashuka, lakini sikati."

Nitakieleza kisa chote, pamoja na pale nilipompoteza mimi mwenyewe, kwa sababu najua wako vijana wetu wengine waliokwama hapohapo.

Anayeshangaa mtu wa Shela, Malindi, anatafuta nini kwenye theluji, basi hajakaa na sisi. Waitaliano wamekuwa jirani zetu tangu miaka ya 1960, walipoanza kurusha maroketi yao pale Ngomeni. Baada yao zikaja hoteli, na watoto wetu wakajifunza Kiitaliano ufukweni. Kutoka hapo kwenda kufanya kazi jikoni milimani wakati wa baridi si safari ya ajabu. Hata Sabrina Simader, aliyeteleza kwa bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, alizaliwa Kilifi hapahapa. Mimi nimefanya majira tisa ya baridi kwenye karakana ya skii: kunoa makali, kupaka nta, kuvalisha watu mabuti. Sina leseni ya ualimu, na Italia kufundisha kwa malipo ni kazi ya wenye leseni. Huyu nilimsaidia kama mtoto wa dada yangu.

Kwanza tuelewane kuhusu kukata. Skii ya siku hizi haikunyooka kama ubao. Kiuno chake ni chembamba, kichwa na mkia ni vipana, na pembeni chini ina ukingo wa chuma pande zote mbili. Umbo hilo lilishika kasi baada ya kiwanda cha Elan cha Slovenia kutoa skii zake za SCX mwaka 1993. Za zamani kiuno chao kilikuwa hakionekani sana. Ukiilaza skii ya leo kwenye ukingo wake na kuibebesha uzito, inapinda kama upinde, na ule upinde ndio kona. Wewe huipeleki, inakupeleka. Mkia unapita palepale kilipopita kichwa, na nyuma yako unabaki mstari mwembamba kama uliochorwa kwa ncha ya kisu.

Kuna namba imeandikwa juu ya skii, ya mpwa wangu ilikuwa mita 15. Hiyo ni nusu kipenyo ya duara la ule mkato wa pembeni. Kadiri unavyoilaza, kona inazidi kubana: kwenye theluji ngumu, nyuzi 30 zinakupa kama mita 13, nyuzi 45 chini kidogo ya mita 11, nyuzi 60 mita 7 na nusu. Kwa hiyo anayetaka kona fupi halazimiki kuizungusha skii kwa nguvu za mguu. Anailaza zaidi. Anayeizungusha kwa kupindua mguu anaipeleka kimshazari, nayo inaburuza kama kisu kinachopaka siagi kwenye mkate. Kuburuza si dhambi, nitarudi hapo. Ila ni kitu kingine kabisa.

Sasa video. Nilizitazama usiku ule kibarazani, na kwa macho ya karakana nikaona vifaa. Nikamwambia alete buti moja. Nikaupima mguu wake kwa njia ya kawaida, kisigino ukutani na karatasi chini: sentimita 26 na nusu. Buti lilikuwa namba 28, na namba za mabuti ya skii ni sentimita za mguu. Nikatoa kiatu cha ndani, akauingiza mguu kwenye ganda tupu, vidole vya mbele vikagusa. Nyuma ya kisigino kuna nafasi ya vidole vyangu vitatu na zaidi, ilhali inatakiwa ya kidole kimoja, au viwili kwa mtu anayependa starehe. Mguu uliolegea ndani ya buti unageuka na skii haijui. Nikafurahi, nikadhani nimemaliza. Wiki mbili nzima niliwaambia watu kwamba tatizo la mpwa wangu ni buti.

Aliyenirudisha njiani ni dada yangu, mama yake, ambaye hajawahi kugusa theluji. Yeye huwachora maharusi hina na piko, na mkono wake unajulikana Malindi nzima. Mtoto alikuwa anamwonyesha video moja ambayo mwenzake Mwitaliano anatangulia na yeye anafuata, jua limelala asubuhi, theluji bado haijakanyagwa. Dada aliisimamisha video, akaikuza kwa vidole. Akauliza kwa nini yule wa mbele ameacha mistari na huyu wa nyuma ameacha madoa.

Nilikuwa nimemtazama mtu mara ishirini. Sikuwa nimeitazama theluji hata mara moja.

Tulipoitazama, jambo likajieleza lenyewe. Alama za mpwa wangu hazikuwa pana kila mahali. Zilikuwa pana mwanzoni mwa kona, kisha zikasinyaa kidogo, kisha zikapanuka tena kabla ya kona inayofuata. Upana wa mwisho wa kona mara nyingi ni wa makali butu au uzito uliobaki nyuma. Upana wa mwanzoni una maana nyingine: mtu amepindua skii kabla makali hayajashika. Na mtu hupindua mapema kwa sababu moja kubwa, anataka kuvunja kasi.

Hapo ndipo nilipoelewa mchango wa mlima wenyewe. Pista za Italia hupewa rangi kwa mwinamo. Buluu haizidi asilimia 25, yaani kama nyuzi 14. Nyekundu haizidi asilimia 40, kama nyuzi 22. Nyeusi inapita hapo. Katika kila kona kuna nukta ambayo skii zote mbili zimeelekea bondeni moja kwa moja. Kwenye buluu nukta hiyo inavumilika. Kwenye nyekundu, kwa mtu asiyeamini makali yake, hiyo ni nukta ya hofu, na mwili haungoji ruhusa: unapindua, unaburuza, unapona. Mpwa wangu alikuwa amepona namna hiyo maelfu ya mara. Kila asubuhi aliyokwenda kufanya mazoezi kwenye nyekundu ili akate, aliifundisha miguu yake kuburuza. Aliongeza bidii, na bidii ikaongeza kosa.

Nikampa sharti: msimu ukifunguliwa, asubuhi kumi na mbili za kwanza hagusi nyekundu wala nyeusi.

Alikaa kimya kidogo. Kijana wa miaka ishirini na sita anayeishuka nyeusi, uje umwambie arudi walipo watoto wenye vizibao vya rangi nyuma ya mwalimu wao. "Mjomba, wenzangu wataniona."

"Wakuone, mwanangu. Wewe kila siku nitumie picha ya theluji nyuma yako. Picha yako siihitaji."

Miezi ya kusi tuliitumia. Jioni alivaa viatu vya magurudumu ya mstari mmoja kwenye uwanja wa saruji, ajifunze kulaza miguu badala ya kuipindua, na hicho ndicho kilichosaidia zaidi. Mbio za mchangani zilimpa mapafu na mapaja, lakini mapaja hayakuwa shida yake. Aliniomba pia tupeleke skii kwenye vilima vya mchanga vya Mambrui, nikakataa: mchanga unaikwaruza sakafu ya skii, na skii inayokwama haikufundishi ukingo. Faida kubwa ya miezi ile ilikuwa kugundua kifundo cha mguu wa kushoto. Nilimsimamisha peku ufukweni, kwenye ule mwinamo wa mchanga mbichi maji yakishatoka, nikamwambia avilaze vifundo vyote viwili upande mmoja, kisha upande wa pili, kiwiliwili kimetulia. Wa kulia uliviringika vizuri. Wa kushoto ulikwama njiani. Aliutegua utotoni akicheza mpira na haukutibiwa sawasawa. Nikaandika hilo pembeni.

Desemba alirudi Livigno, bonde la mita 1,816 karibu na mpaka wa Uswisi. Zamu yake jikoni ilianza saa tano, lifti ya viti ilifunguliwa saa mbili na nusu, hivyo alikuwa na saa mbili nzuri. Ni saa bora kwa kazi hii. Mashine zimepita usiku na theluji ni ngumu, imechanwa mistari myembamba iliyopangana kama ukili wa mkeka, na kila alama mpya juu yake inasomeka. Kufika mchana imelainika na kujikusanya vilima vidogo, hapo huwezi kusoma kitu. Buti tulishabadilisha, na makali nilimwambia ayanoe kabla ya siku ya kwanza, ili yasibaki kisingizio.

Kuchagua pista kulituchukua siku mbili. Iliyo tambarare mno haifai, maana bila kasi kidogo skii haipindi, na mtu anaishia kusimama tu. Tulitaka buluu pana, isiyo na msongamano, yenye mwinamo wa kutosha kukupeleka bila kukutisha.

Zoezi la kwanza ni reli. Miguu imeachana upana wa nyonga, skii zimeelekea bondeni, hakuna kuzizungusha kwa mguu. Unalaza vifundo, kisha magoti, upande mmoja, unasubiri, halafu upande wa pili. Zikitoka reli mbili nyembamba zilizopinda taratibu, ni sawa. Picha za asubuhi nne za kwanza ziliniumiza. Hata kwenye mteremko ambao mtoto wa miaka sita anaushuka akiimba, mwanzo wa kila kona bado ulikuwa mpana. Hofu ilikuwa haipo tena lakini mazoea yamebaki. Hili ndilo ninalotaka wanaoharakisha waliangalie: mlima mwepesi hauondoi kosa, unaliweka wazi tu mahali unapoweza kulishika.

Dawa ilikuwa kusubiri. Nilimwambia alaze skii, kisha ahesabu moja, mbili, tatu kwa sauti kabla hajadai kona. Na nikamwongezea zoezi la ndoano: unaanza karibu wima kuelekea bondeni, unalaza makali, na huachii. Unaiacha skii izunguke mpaka ianze kupanda kilima yenyewe na isimame.

Asubuhi ya tano alinitumia ujumbe wa sauti, anahema. Skii imepanda mlima ikasimama, alisema, na yeye hakushika breki. Alirudia mara mbili, hakushika breki. Nilikuwa sokoni, nikasimama katikati ya watu nikamsikiliza tena. Miaka mitatu aliamini kasi inauawa kwa kuburuza. Siku ile miguu yake ilijua kwamba kasi inaweza pia kumalizwa na umbo la kona: ukiifunga vizuri, mlima wenyewe unakusimamisha. Mtu akishalijua hilo kwa miguu, ile nukta ya kuelekea bondeni haina tena sababu ya kumtisha.

Wiki ya pili nilimkosea. Mistari ilikuwa imesinyaa, kona zimekuwa ndefu na salama, nikataka zibane. Nikamwandikia alale zaidi. Neno hilo ni baya, najuta kulitumia. Alilala mwili mzima kama mnazi uliosukumwa na upepo, uzito ukahamia skii ya ndani, skii ya nje ikabaki bila mzigo ikateleza, akaanguka na nyonga. Alichubuka tu, alhamdulillahi, lakini kwa siku mbili alikuwa akijikunja kila akiianza kona ya kulia. Nilichotakiwa kusema ni kwamba miguu ilale na kiwiliwili kisilale: nyonga ziingie ndani ya kona, bega la nje lishuke juu ya skii ya nje, kwa sababu huko ndiko mzigo wote unakotakiwa kuwa.

Hili nilimweleza kwa mashua, naye amekulia ndani yake. Chombo kikilazwa na upepo, mabaharia hawalali nacho. Wanahamia upande wa juu, miili yao inakwenda kinyume cha ulalo wa chombo. Alielewa papo hapo. Mfano huu una mwisho wake, maana baharia anahama ili kuupunguza ulalo, na mtu wa skii anautaka ulalo ubaki chini ya magoti. Lakini kwa picha ya kiwiliwili na miguu vikienda njia mbili, sijapata mfano bora kwa mtu wa pwani. Nikamwongezea jaribio la kila kona: katikati yake, inua mkia wa skii ya ndani vidole viwili kutoka kwenye theluji. Ukishindwa, ujue uzito haupo unakodhani.

Hapo kifundo cha kushoto kikajitokeza. Kona ya kushoto, ambayo mguu wa nje ni wa kulia, aliinua mkia bila shida. Kona ya kulia alishindwa mara saba kati ya kumi. Fundi wa mabuti kule alimrekebishia skrubu ya pembeni inayoegemeza shingo ya buti, ili buti lifuate umbo la mguu wake, na picha za siku iliyofuata zilikuwa nyembamba kidogo. Kidogo tu. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya kilichobaki ni mazoea, kwa sababu kwenye reli za polepole kona zote mbili zilikuwa sawa. Tofauti ilikuja kasi ilipopanda.

Asubuhi ya kumi na tatu alirudi nyekundu, na nilimwekea kanuni: ukiona alama imepanuka mara mbili mfululizo, rudi buluu siku hiyohiyo. Kona tatu za kwanza zilikatika safi. Ya nne ilitanuka. Ya tano ikawa doa. Akashuka taratibu, akapanda lifti ya buluu. Alifanya hivyo wiki mbili, kona tatu, nne, sita, na kila mara akirudi kuzikamilisha mahali pasipomtisha. Mwishoni mwa Februari alikuwa anaikata nyekundu nzima, theluji ikiwa ngumu na njia ikiwa tupu.

Nyeusi bado anaburuza, na sitamkataza. Kwenye mwinamo ule hata watelezaji wazuri huchanganya, maana kukata tupu kunaleta kasi ambayo pista ya watu wote haiwezi kuibeba. Nilimsisitizia na jambo lingine ambalo wanaojifunza kukata hulisahau: kona iliyokatwa inavuka pista kwa upana na wakati mwingine inapanda juu. Anayetoka nyuma ana wajibu wa kumkwepa aliye mbele yake, hiyo ni kanuni ya shirikisho la skii la kimataifa, lakini kanuni nyingine ya shirikisho hilohilo inamtaka anayegeuka kupanda mlima atazame juu na chini kwanza. Alishawahi kukosa kutazama, akamkosakosa mama mmoja na mtoto. Aliniambia mwenyewe, sauti imemshuka, na siku hiyo hakuteleza tena.

Mapaja hayawaki moto tena. Anashuka nyekundu mara nane kabla ya zamu na jikoni anasimama mpaka usiku.

Mwezi wa tano amerudi tena, kusi imeanza. Jioni ya kwanza tulikaa kibarazani, akatoa picha ya asubuhi ya mwisho ya msimu: theluji tupu, reli mbili zinashuka zikijikunja kushoto na kulia mpaka zinapotelea ukungu. Nilizisifu kwa moyo wote. Dada yangu aliichukua simu, akaikuza, akaifuata ile mistari na ukucha wake wenye hina kutoka juu kwenda chini, polepole. Kwenye kona ya tatu ya kulia, mwanzoni kabisa, akasimama.

"Hapa, mwanangu," akasema. "Hapa mkono umetetemeka."

Mpwa wangu aliinama akatazama, akavua kiatu cha kushoto, akaanza kukizungusha kifundo.